Nenda kwa Miguu, Rudi kwa Treni

Swali: "Shikamoo dada. Mimi ni kijana wa miaka 24, mzaliwa wa Tanga, nasoma chuo Freiburg, Ujerumani. Septemba nina wiki tatu za likizo. Binamu yangu anakuja kutoka Dar es Salaam na tunataka kuzunguka Ulaya kwa treni, begi mgongoni: Paris, Amsterdam, Venezia, Roma, Barcelona, halafu siku chache tutembee kwa miguu kando ya bahari huko Italia. Je, tununue ile pasi ya treni? Njia gani ya pwani inawafaa watu ambao hawajawahi kupanda milima? Na begi liwe la ukubwa gani? Kila mmoja wetu ana euro 1,200."

Marahaba, mdogo wangu. Nimeisoma orodha yako mara mbili, na nakuomba ruhusa niipindue. Zile "siku chache" ulizozisukuma mwisho ndizo nitakazoziweka mwanzo. Nina mwaka wa kumi na moja hapa Genova, Italia, na kazi yangu ni kuwapangia watu safari za treni na za miguu. Kila kiangazi naona vijana wanashuka stesheni macho mekundu, wamepita miji sita kwa siku kumi. Ukiwauliza wameona nini, wanakusimulia stesheni. Amsterdam hadi Barcelona peke yake ni siku nzima ya kukaa kitini, na kwa treni za kasi za Ufaransa na Hispania utalipia nafasi ya kiti hata ukiwa na pasi mkononi. Ukitoa kitanda na chakula, euro 1,200 kwa wiki tatu hazibaki na nafasi ya kukimbizana na miji mitano. Chagueni pwani moja. Paris iko saa chache kutoka hapo Freiburg, utaiona wikiendi yoyote.

Pwani ninayokupendekezea ni hii yangu ya Liguria, kisha kipande cha Ufaransa kinachoungana nayo. Sababu yangu ya kwanza ni reli. Reli ya Genova hadi La Spezia ilikamilika mwaka 1874, na ilichongwa kwenye miamba ileile ambako watu walikuwa wakipita na nyumbu wao wa mizigo. Leo stesheni na njia ya miguu vinafuatana karibu kijiji kwa kijiji. Unaondoka asubuhi kwa miguu, begi kubwa umeliacha kitandani, mgongoni una maji na mkate tu. Mkichoka, au mvua ikianza, au goti la binamu likigoma, mnateremka kijiji kinachofuata na treni inawarudisha kwa dakika tano au kumi. Kwa mtu asiyewahi kupanda mlima sijaona mpango salama kuliko huo. Huhitaji kubeba hema, huhitaji kurudi njia uliyoijia, na hakuna siku utakayolazimika kufika mahali ndipo upate pa kulala.

Vijiji vitano vya Cinque Terre, yaani Monterosso, Vernazza, Corniglia, Manarola na Riomaggiore, umeshaviona kwenye picha. Viliingia urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 1997, na hifadhi ya taifa ikaanzishwa mwaka 1999. Msilale humo. Septemba vitanda ni ghali na ngazi za kupandishia begi ni nyingi. Laleni Levanto, kituo kimoja kabla ya Monterosso ukitokea Genova. Ni mji mdogo wa watu wa kawaida, una ufukwe mpana, una maduka ya bei ya mwenyeji, na treni zinapita hapo mara kwa mara. Kaeni usiku saba au nane katika kitanda kilekile. Najua unaona ni usiku mwingi, lakini miguu yenu inahitaji siku za kupumzika katikati.

Siku ya kwanza msipande popote. Reli ya zamani ilihamishwa ndani zaidi ya mlima, na yale mahandaki yake ya pembeni mwa bahari sasa ni njia ya watembea kwa miguu na baiskeli kutoka Levanto kupitia Bonassola hadi Framura. Ni tambarare kabisa. Unaingia kwenye handaki, ubaridi unakupiga usoni, matone yanadondoka kutoka juu, halafu ghafla kuna tundu la mwanga na bahari iko chini yako mita chache. Hapo ndipo mtakapojua kama viatu vinabana. Mkiona kidole kimeanza kuwa chekundu, bandikeni plasta palepale, kabla lengelenge halijajaa maji.

Siku ya pili ndiyo ya kupanda. Kutoka Levanto mnavuka rasi ya Mesco hadi Monterosso, saa tatu hivi kwa mwendo wa mgeni, bila kulipa chochote. Juu ya rasi kuna magofu ya kanisa la watawa, Sant'Antonio, na ukisimama hapo unaviona vijiji vyote vitano vimepangana hadi mwisho wa macho. Kuteremka Monterosso ni ngazi tupu. Kushuka ndiko kunakoumiza magoti kuliko kupanda, kwa hiyo pigeni hatua fupi na msishindane.

Baada ya kupumzika siku moja baharini, chukueni Monterosso hadi Vernazza, kisha Vernazza hadi Corniglia. Kila kipande ni saa moja na nusu hadi mbili. Hapa mnalipia kadi ya hifadhi, na hapa ndipo wageni wengi wanapopoteza pesa, basi nisikilize vizuri. Kuna kadi ya aina mbili: moja ni ya njia tu, nyingine ni ya njia pamoja na treni zote kati ya Levanto na La Spezia kwa siku nzima. Tiketi ya kituo kimoja tu hapo msimu wa watalii ni ghali mno kwa umbali wa dakika tano, kwa hiyo siku ya kutembea kijiji hadi kijiji nunua ile yenye treni. Siku ya kukaa ufukweni usinunue yoyote.

Corniglia kiko juu ya jabali, stesheni yake iko chini. Katikati kuna ngazi iitwayo Lardarina, vidato 382. Ukifika kwa miguu kutoka Vernazza unaiteremka badala ya kuipanda, ndiyo maana nakupangia mwelekeo huo. Na stesheni za Vernazza na Riomaggiore zimebanwa kati ya mahandaki, hivyo mabehewa ya mwisho husimama gizani. Watu hudhani treni imekwama tu, hawashuki, wanapitiliza. Mlango ukifunguka ndani ya handaki, shukeni, kuna njia ya kutembea hadi nje.

Kati ya Corniglia na Manarola njia ya chini kando ya maji imefungwa miaka mingi kwa sababu ya maporomoko. Msilalamike, kwa kuwa ile ya juu inayopitia kijiji cha Volastra ndiyo bora kuliko zote na haina malipo. Ni saa mbili na nusu hadi tatu. Mnapita katikati ya mizabibu iliyopandwa kwenye matuta yaliyoshikiliwa na kuta za mawe. Angalia kuta hizo kwa karibu: hakuna saruji hata kijiko kimoja, jiwe limekaa juu ya jiwe kwa uzito wake, na mianya inabaki ili maji ya mvua yapite bila kusukuma ukuta. Septemba ni mavuno ya zabibu. Mtaona kijireli kimoja chembamba kinapanda mlimani na vitoroli vyenye kreti za zabibu. Muwapishe wavunaji wanapovuka, mkae upande wa ndani wa njia, na kamwe msikanyage wala kukalia ukuta. Jiwe moja likitoka, mkulima anapoteza tuta zima mvua ikija.

Mvua yenyewe si ya kudharau. Tarehe 25 Oktoba 2011 mafuriko yalizika mitaa ya Vernazza na Monterosso kwa tope na mawe, na watu walikufa. Tangu hapo kila mtu huku anaangalia tahadhari za hali ya hewa zinazotolewa kwa rangi. Zikiwa kali, njia hufungwa, na mkikuta kizuizi geukeni. Kile kipande maarufu cha Manarola na Riomaggiore, Via dell'Amore, kilifungwa mwaka 2012 baada ya mawe kuwaangukia watalii, kikafunguliwa tena mwaka 2024. Hakifiki kilomita moja, kina malipo ya ziada na lazima uweke nafasi mapema. Kwa bajeti yenu mimi ningekiruka.

Mkishakomaa miguu, siku moja pandeni treni hadi Camogli, mvuke rasi ya Portofino hadi abasia, yaani nyumba ya zamani ya watawa, ya San Fruttuoso. Abasia hiyo haina barabara ya gari, unafika kwa miguu au kwa boti. Tumieni njia inayopita juu katikati ya msitu, ile ya Pietre Strette. Ile ya Batterie ina mahali pa kushika minyororo juu ya bahari, na haiwafai wanaoanza. Kurudi Camogli pandeni boti.

Kutoka hapo ndipo mhamie Ufaransa. Treni za kawaida za Italia zinawafikisha Ventimiglia mpakani, mnabadilisha, na treni ya mkoa ya Kifaransa inatambaa pembeni mwa maji hadi Nice. Hazihitaji kiti maalumu, na kwa jumla kutoka Levanto gharama haizidi euro 40. Ufaransa ina sheria ya tarehe 31 Desemba 1976 inayompa mtu wa miguu haki ya kupita mita tatu kutoka ukingo wa bahari hata mbele ya nyumba ya tajiri, ingawa kuna sehemu zilizosamehewa. Kwa hiyo mnaweza kuzunguka rasi ya Cap Ferrat, kuta za majumba upande mmoja na mawimbi upande wa pili, bila kulipa senti. Shukeni stesheni ya Villefranche au Beaulieu. Siku nyingine shukeni Cap-d'Ail mtembee hadi Monaco, saa moja na kidogo. Usiku tano au sita Nice zinatosha.

Sasa pasi. Ziko mbili, na watu wengi huzichanganya. Interrail ni ya wakazi wa Ulaya, Eurail ni ya wanaoishi nje ya Ulaya. Kinachoangaliwa kwako ni makazi, si rangi ya pasipoti. Wewe mwenye kibali cha kuishi Ujerumani unanunua Interrail hata kama pasipoti yako ni ya Tanzania. Binamu yako anayeishi Dar ananunua Eurail. Zote zinafika nchi 33, na zote zina bei ya vijana hadi umri wa miaka 27. Tofauti itakayokugusa ni kwamba Interrail haikuruhusu kuzunguka ovyo ndani ya nchi unayoishi: unapata safari ya kutoka na ya kurudi, basi.

Lakini kwa safari hii niliyokupangia, msinunue. Hesabu siku ambazo kweli mtasafiri mbali: Freiburg kwenda Levanto, Levanto kwenda Nice, Nice kurudi Freiburg. Siku tatu. Pasi ndogo kabisa ni ya siku nne, na tiketi mkizinunua miezi miwili kabla zitashuka chini ya bei yake. Pasi ina maana kwa mtu anayevuka nchi nyingi na anayetaka kuamua asubuhi anaelekea wapi. Na kama mtaamua kuinunua hata hivyo, msichome siku ya pasi kwa treni za vijijini za dakika tano. Gawanya bei ya pasi kwa siku zake uone siku moja inakugharimu kiasi gani, kisha linganisha na ile kadi ya hifadhi.

Kwenda Italia, kama una tiketi ya mwezi ya Ujerumani nzima, inakufikisha hadi stesheni ya Basel Badischer Bahnhof bila nyongeza. Binamu atakata yake. Kutoka Basel kuna njia mbili za kuvuka milima ya Alpi. Treni ya haraka inapita handaki la chini la Gotthard, kilomita 57, lililofunguliwa mwaka 2016: dakika kama ishirini za giza. Treni ya polepole iitwayo Treno Gottardo inafuata reli ya mwaka 1882, na hiyo ndiyo ninayowaombea. Kabla ya kulifikia handaki la zamani, reli inajizungusha ndani ya mlima ili ipate kimo, hadi kanisa jeupe la kijiji cha Wassen unaliona mara tatu: kwanza liko juu yako, kisha mko sawa, kisha liko chini. Kaa dirishani. Bellinzona mtabadilisha kuelekea Milano, na treni za moja kwa moja za kuvuka mpaka huo zinadai nafasi ya kiti, iwekeni mapema. Milano hadi Levanto ni saa tatu hivi. Mkiondoka Freiburg alfajiri, chakula cha usiku mnakula baharini. Kurudi, kutoka Nice fikeni kwanza Marseille, hapo mpande TGV, treni ya kasi ya Ufaransa, kwenda Mulhouse, na kutoka Mulhouse treni ndogo inawavusha hadi Freiburg.

Nisikufiche jambo moja. Treni zinazovuka mipaka hii, hasa kati ya Uswisi na Italia na pale Ventimiglia, hukaguliwa na askari, na sisi watu weusi ndio huulizwa kwanza. Imenitokea behewa zima mimi peke yangu kuombwa karatasi, na bado inaniuma. Beba pasipoti yako na kadi halisi ya kibali cha kuishi, si picha kwenye simu, viwe mfukoni na si ndani ya begi juu ya kichwa. Jibu kwa ufupi, kwa sauti ya kawaida. Pasipoti mtaombwa pia kila mtakapolala Italia, na hilo ni la kila mgeni kwa mujibu wa sheria.

Mgomo nao ni sehemu ya maisha ya reli ya Italia. Neno la kulitafuta kwenye matangazo ni sciopero. Siku za kazi treni za mikoa huwa na saa zinazolindwa, asubuhi saa kumi na mbili hadi saa tatu, na jioni saa kumi na mbili hadi saa tatu. Jumapili na sikukuu ulinzi huo haupo. Mgomo ukitangazwa siku yenu ya kuhama, hameni ndani ya saa hizo.

Begi: lita 35 hadi 40, na likiwa limejaa lisizidi kilo 8. Lipime kwenye mizani, usikisie. Nguo seti tatu, mnafua kila baada ya siku mbili, Septemba zinakauka usiku mmoja. Koti jepesi la mvua, mkoba mdogo wa kukunja wa kubebea maji, kofia, na viatu vyenye soli yenye meno. Hifadhi inakataza kandambili na viatu vya soli laini kwenye njia zake, na faini ni kuanzia euro 50 hadi 2,500. Viatu vivaeni wiki tatu nzima mitaani kabla ya safari. Hema acha: kupiga kambi ovyo ndani ya hifadhi ni marufuku.

Chakula hakitawatesa. Tafuteni farinata, mkate mwembamba wa unga wa dengu, maji, chumvi na mafuta ya zeituni, unaookwa kwenye sinia kubwa la shaba ndani ya tanuri la kuni. Mtu wa Tanga aliyekulia bajia ataujua utamu wake kwa tonge la kwanza, na kwa anayekula halali hauna shaka. Monterosso kuna samaki wadogo jamii ya dagaa waliotiwa chumvi, wanaliwa na mkate na limau. Maji jazeni kwenye mabomba ya vijijini.

Mwisho, viza ya binamu, na hili ndilo la kuanza nalo leo. Ombi la viza ya Schengen, ile viza moja ya nchi nyingi za Ulaya, linapelekwa kwa nchi atakayokaa siku nyingi zaidi, si nchi ndege inakotua. Akishukia Frankfurt, akalala kwako siku nne, Italia nane na Nice sita, ombi ni la Italia. Lakini mkibadili mawazo akakaa kwako siku kumi, ombi ni la Ujerumani. Kwa hiyo kaeni na kalenda, mhesabu usiku mmoja mmoja kabla hajajaza fomu. Atahitaji bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000 na uthibitisho wa mahali pa kulala, kwa hiyo Levanto na Nice muweke nafasi zinazoweza kufutwa bila faini. Ombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na lisichelewe kuliko siku 15. Nafasi za miadi hujaa kiangazi, basi apate miadi kwanza, viza itoke, ndipo ninyi mnunue tiketi za treni. Ukishazihesabu hizo siku niandikie idadi yake, nitakupangia treni za kila siku na saa zake.